Samaki wa Kivukoni: Historia Katika Sahani ya Msafiri

Leo tutazungumza juu ya historia, lakini hatutaanza na vita wala wafalme. Tutaanza na sahani ya wali na samaki.

Tuseme unasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa au Lindi. Umekwisha pita Kibiti, na sasa basi limesimama Umwe, pale Ikwiriri. Una njaa. Chini ya banda mama mmoja anakaanga perege, na wali wa nazi umefunikwa pembeni. Unakula, unalipa, unaondoka. Je, umepata kujiuliza kwa nini chakula hiki kinauzwa hapa, wala si kilomita kumi mbele? Jibu la swali hilo ndilo somo letu.

Msafiri mwenye busara hutazama wenyeji wanakula nini. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni kutoka Tanja, nchi ya Morocco, alipita pwani yetu kwa chombo. Aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa Mombasa kilikuwa ndizi na samaki. Kisha akaendelea hadi Kilwa. Maneno yale ni machache, lakini leo, karibu miaka mia saba baadaye, wanahistoria bado wanayatumia. Wapishi wa Mombasa ya siku zile hatuwajui hata kwa majina. Chakula chao tunakijua kwa kuwa mgeni mmoja alitazama, akaandika.

Sasa turudi Rufiji. Mto huu una ghala mbili. Ghala ya kwanza ni ya maji baridi. Mto ukifurika, maji huingia bondeni na katika maziwa kama Zumbi na Mtanza, na samaki huingia pamoja nayo, wakazaana. Humo hutoka perege na kambale. Ghala ya pili ni delta, ambako mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kufika baharini, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko. Kamba wachanga hukulia katika maji ya mikoko hiyo. Mvuvi asiye na barafu huwachemsha kamba kwa chumvi, akawaanika juani, ili wafike mbali bila kuoza. Basi ukiwakuta kamba wakavu sokoni, usiwadharau. Hiyo ni akili ya watu waliojua kuhifadhi chakula kabla mtambo wa barafu haujafika.

Lakini samaki peke yake hafanyi mgahawa. Mgahawa hutaka watu wanaosubiri. Na hapa, kwa miaka mingi, watu walisubiri Ndundu, kusini ya Ikwiriri, kwa sababu mto haukuwa na daraja. Magari yalivushwa kwa pantoni. Foleni ilikuwa ndefu, na mto ukijaa sana pantoni ilisimama, abiria wakalala pale pale. Mimi mwenyewe nilivuka Ndundu nikiwa mtoto, nimeshika upindo wa kanga ya mama. Pantoni siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kambale wa kubanika, na jani la mgomba tulilofungiwa.

Tukumbuke pia jambo la 1968 na 1969. Baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda sehemu za juu, na vijiji vya barabarani vikakua. Shamba na wavu vilibaki chini, nyumba zikawa juu. Ndiyo maana hata leo utamwona mtu anapanda na baiskeli, nyuma amefunga tenga la samaki.

Mwaka 2003 daraja lilifunguliwa, lenye urefu wa karibu mita 970, nalo likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa. Hakuna mwenye akili atakayetaka pantoni irudi. Mgonjwa sasa huvuka kwa dakika chache, na mazao hayaozi mtoni. Lakini historia hututaka tuhesabu pande zote mbili. Siku foleni ilipokoma, meko ya Ndundu yalikosa wateja. Biashara ilifuata mabasi. Ilikwenda Ikwiriri na Kibiti. Na ng'ambo ya kusini, Somanga, karibu na bahari, abiria hununua samaki wa maji chumvi. Basi jibu la swali letu ndilo hili: chakula cha njiani hukaa pale msafiri anaposimama, na njia ikibadilika, nacho huhama.

Na mabadiliko hayajaisha. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na mwaka 2024 mafuriko yaliharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mafuriko hayo hayo, yakija kwa kiasi, ndiyo huyapa maziwa ya bondeni maji na samaki. Kwa hiyo mvuvi anautazama mto kwa macho mawili, la hofu na la tumaini. Nao akina mama waliopika kivukoni wamezeeka. Wakiondoka bila kuulizwa, sehemu hii ya historia itaondoka nao, kama ilivyoondoka habari ya wapishi wa Mombasa.

Kwa hiyo safari ijayo, usikimbilie soda na biskuti dirishani mwa basi. Shuka. Tafuta banda ambalo baiskeli za matenga husimama. Amkia kwanza: "Shikamoo, mama." Akikuitikia marahaba, muulize: "Samaki huyu ametoka maji gani? Huu ni msimu wake? Wewe ulijifunza kwa nani kupika?" Utakula vizuri zaidi, kwa maana mpishi hufurahi akiulizwa, nawe utaondoka na jambo la kuandika.

Kazi ya vikundi: Kila mwanakikundi amwulize mzee mmoja wasafiri walikula nini hapa kwenu kabla ya barabara ya sasa, na nani aliwapikia. Andikeni jina la chakula, mahali na mwaka. Someni majibu kwa sauti katika kikundi, kisha yawekeni pamoja katika daftari moja.

Kwaherini, hadi somo lijalo.