Misemo ya Kiingereza kuhusu mapenzi, ndoa na familia: maana yake, na mahali pa kuwa mwangalifu

Unajifunza Kiingereza kambini, kwenye makazi ya wakimbizi au mjini? Huenda tayari unaweza kujitambulisha, kununua sokoni na kujibu maswali ya kawaida. Lakini watu wanapozungumzia mapenzi, ndoa na ndugu, lugha hubadilika. Wanaozungumza Kiingereza, kama sisi wa Kiswahili, mara nyingi hawasemi mambo haya moja kwa moja. Hutumia nahau na utani.

Kosa dogo hapa huchekesha darasani. Kwenye usajili au mahojiano, kosa hilohilo linaweza kuandikwa kwenye faili lako kama ukweli kuhusu familia yako. Makala haya ni kwa anayejifunza na anayefundisha, mkimbizi au mwenyeji.

Tafsiri maana, usitafsiri picha

Kiswahili kimejaa nahau. Mtu akisema amepata jiko, hakuna anayemwuliza kama ni la mkaa au la kuni. Tunajua ameoa. Lakini ukimwambia afisa "I got a stove", ataelewa umepata kifaa cha kupikia. Ukisema "small house" ukiwa na maana ya nyumba ndogo ya mume, atafikiri unalalamikia ukubwa wa makao yako. Na pingu za maisha zikitafsiriwa neno kwa neno, msikilizaji atafikiria polisi.

Wakati mwingine picha za lugha hizi mbili hukutana. "Tie the knot" ni kufunga fundo, maana yake kufunga ndoa. "Blood is thicker than water" ni damu nzito kuliko maji, kama tusemavyo wenyewe. "Their marriage is on the rocks" ni picha ya chombo kilichopanda mwamba: ndoa yao iko hatarini kuvunjika. Sisi husema mambo yamekwenda mrama, nayo ni picha ya chombo kinachoyumba baharini. Mwalimu, anza na misemo ya aina hii. Mwanafunzi ataona kwamba hajifunzi jambo geni kabisa.

Misemo utakayoisikia mara kwa mara

- "Fall in love": kumpenda mtu kimapenzi. "Fall out with someone" ni kukosana naye. Kitenzi ni kilekile, lakini neno dogo linalofuata hubadilisha kila kitu.
- "Break up": wapenzi kuachana. "Break down" ni gari kuharibika njiani, au mtu kushindwa kujizuia akalia.
- "Make up": kupatana baada ya ugomvi. Lakini "make up a story" ni kutunga uongo. Usiyachanganye haya mawili mbele ya afisa.
- "Seeing someone": kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mtu. Ukiulizwa "Are you seeing anyone?", swali halihusu macho yako.
- "Pop the question": kumwomba mtu mwoane. Kwa kawaida ni maneno ya wawili wenyewe. Posa inayopelekwa na wazee haisemwi hivyo. Sema "His family came to ask for me."
- "My other half": mume wangu au mke wangu.
- "They get on like a house on fire": wanapatana sana. Hakuna nyumba inayoungua.

Maneno yanayoweza kubadilisha maelezo ya familia yako

Sehemu hii isome polepole. Maneno haya yanaonekana rahisi, na ndiyo sababu watu huteleza.

"Separated". Ukisema "My husband and I separated in 2012", maana yake mliamua kuachana. Kama vita ndivyo vilivyowatenganisha mkikimbia, sema "We lost each other when we fled. We are still married." Sentensi ya kwanza inaonyesha kwamba mliachana kwa uamuzi wenu. Ya pili inaeleza kwamba bado unamtafuta.

"Lost". "I lost my son" kwa Kiingereza mara nyingi humaanisha mwanangu amefariki. Kama hujui alipo, sema "My son is missing. I do not know where he is."

"Late". Kwetu Afrika Mashariki tumezoea "My husband is late" kwa maana ya marehemu. Mgeni ataelewa kwamba mumeo amechelewa. Sema "My husband died", kisha taja mwaka.

"Single". Maana yake huna mume wala mke. Si neno la mama anayelea watoto peke yake kwa sababu mumewe hajulikani alipo. Mama huyo aseme "I am married. My husband is missing."

"Brother", "mother", "father". Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na mama mkubwa ni mama. Kwenye fomu, "brother" ni yule mliyezaliwa naye kwa baba au mama mmoja. Usiseme "small father". Sema "my father's younger brother". Usione kwamba unamkana ndugu yako. Unaeleza tu alivyozaliwa. Kama ulimlea au alikulea, ongeza "He raised me" au "I raised him", kwa sababu hilo nalo ni muhimu kwa maelezo ya familia.

"Parents". Ukiwa umesoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi, jihadhari. Kwa Kifaransa neno hili linaweza kuwa jamaa wote. Kwa Kiingereza ni baba na mama tu. Jamaa ni "relatives".

Utani wa maneno

Kiswahili kina paa wa porini, paa la nyumba, na ndege kupaa. Kiingereza nacho hucheza hivyohivyo. "Date" ni tarehe, ni tende, na pia ni miadi ya wapenzi. Ndiyo maana watoto huulizana kwa nini kalenda inapendwa sana, na jibu ni kwamba ina "dates" nyingi. "Engaged" ni aliyechumbiwa, lakini choo chenye mtu ndani pia ni "engaged". Ukisema "I am seeing a doctor", umekwenda kutibiwa, ila rafiki mtani anaweza kukuuliza arusi ni lini.

Ukiuelewa utani, umeielewa lugha. Lakini usitanie kwa Kiingereza kwenye mahojiano au hospitalini. Afisa huandika anachokisikia.

Kwa anayefundisha

1. Toa msemo mmoja ndani ya hadithi fupi ya sentensi tatu. Orodha ndefu husahaulika.
2. Waache wanafunzi wakisie maana kabla ya kuwaambia.
3. Uliza kila mmoja lugha yake inasemaje jambo hilo.
4. Malizia kwa kuuliza: tunaweza kuusema wapi, na wapi hapana?
5. Fundisha sentensi mbili za kujikinga: "What do you mean?" na "That is not what I mean. Let me say it again."

Usimlazimishe mwanafunzi kutoa mfano wa ndoa yake au ndugu zake. Wengine wamefiwa, na wengine bado wanasubiri habari. Tumia watu wa kubuni.

Siku ya mahojiano

Kujua Kiingereza si sharti la kutambuliwa kuwa mkimbizi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hauna sharti hilo. Hata kama unakizungumza kidogo, unaweza kuomba mkalimani wa lugha unayoielewa vizuri. Usipomwelewa mkalimani, sema hapohapo. Kabla ya kumaliza, omba usomewe majina na uhusiano wa watu wa familia yako kama ulivyoandikwa.

Kama unadhani uhusiano uliandikwa vibaya zamani, nenda ofisi ya UNHCR au ofisi ya serikali inayosajili wakimbizi, ueleze na uombe marekebisho. Kenya ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu, na Tanzania ni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Beba hati ulizonazo.

Kama unamtafuta ndugu mliyepotezana, waone Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta jamaa na kurejesha mawasiliano.

Huduma za UNHCR na za Msalaba Mwekundu ni bure, na mkalimani pia halipwi na wewe. Mtu yeyote akikudai pesa, usimpe. Toa taarifa.