Ubanaji wa Majibu ya Seva na Gharama ya Msomaji: Funzo la Kihistoria kwa Dzaleka na Lilongwe

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha huko masomo ya juu kwa njia ya mtandao. Kwa mwanafunzi anayenunua bando, kila baiti ina bei. Lakini uzito wa ukurasa huamuliwa na mwenye seva, awe City Centre jijini Lilongwe au ng'ambo. Historia inaonyesha kwamba dawa ya tatizo hili ni ya zamani, ila mwenye kuishika si yule anayelipa.

Mwaka 1952 David Huffman alibuni njia ya kuzipa alama zinazojirudia sana misimbo mifupi. Katika matini ya Kiswahili, herufi "a" ingefaidika kwanza. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walipendekeza kwamba mfuatano uliokwisha kuonekana usiandikwe upya, bali msomaji aelekezwe pale ulipotangulia kutokea. Phil Katz aliziunganisha mbinu hizo katika muundo wa Deflate, nao ukatumiwa na gzip, programu iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler.

Toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, lililochapishwa Januari 1997, liliweka utaratibu wa mapatano: kivinjari hutaja aina za ubanaji kinazozielewa, nayo seva huchagua mojawapo. Hata hivyo, seva haikulazimishwa kubana. Hivyo ukurasa wa matini ambao ungepungua hadi chini ya nusu waweza kusafirishwa mzima kwa sababu tu fundi hakuwasha mpangilio mmoja.

Ubanaji una mipaka. Picha za JPEG zimekwisha kubanwa, na shambulio la BREACH, lililotangazwa mwaka 2013, lilithibitisha kwamba kubana ukurasa unaochanganya siri na maneno yaliyoingizwa na mtumiaji kwaweza kufichua siri hiyo. Kwa hiyo, zabuni za tovuti za serikali na za mashirika ya misaada zidai ubanaji wa matini ya umma na kutenga kurasa zenye siri. Bila sharti hilo, uzembe wa mwenye seva utaendelea kulipiwa na mkimbizi.