Wakimbizi wa Kidugala

Sisi tukaao Ihanda, katika njia ya Tunduma, twawaona wasafiri kila siku. Lakini si kila msafiri aliyetoka kwao kwa hiari. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Urusi iliwahamisha Wapolandi wengi kwa nguvu hata Siberia. Mwaka 1942 wengine wakapitia Iran, na maelfu yao, hasa wanawake na watoto, wakafika Tanganyika. Kambi ya Tengeru ilipokea karibu 5,000. Wengine waliwekwa Ifunda, na Kidugala penye misioni ya Kilutheri. Ndipo ilipodhihirika ya kuwa hata Mzungu aweza kukosa kwao. Makaburi yao yangalipo. Bwana Yesu mwenyewe alikimbizwa Misri angali mtoto. Basi mgeni abishapo hodi, tusiulize kwanza kabila lake. Tumpe maji na mahali pa kulala.