Nyumba Zenye Povu Ndani ya Kuta

Mtu anayetaka kununua nyumba huku kwetu hutazama kwanza mabati, msingi na hati za kiwanja. Ukuta anaupiga kwa kiganja mara moja au mbili, basi. Katika inchi ya Kanada, tangu miaka ya 1980, mnunuzi ameongeza swali lingine: ndani ya ukuta mna kitu gani? Swali hilo limewaletea watu wengi hasara na machozi, tena limeleta kesi mojawapo ya ndefu kabisa zilizopata kuhukumiwa huko.

Kanada ni inchi ya baridi kali. Huko Winnipeg kipimo cha joto huweza kushuka mpaka digri 30 chini ya sufuri, nayo nyumba lazima ipashwe moto miezi mingi ya mwaka. Lakini nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya vita ya 1939 zilikuwa na kuta zenye uwazi katikati: mbao au plasta upande wa ndani, mbao au matofali upande wa nje, na kati yake hewa tupu. Joto lilipotea, lakini mafuta yalikuwa ya bei ndogo, kwa hiyo watu hawakujali sana.

Mwaka 1973 inchi za Kiarabu zenye petroli zilikataa kuwauzia Wamarekani na rafiki zao, na katika miezi michache bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne. Hapo kila mwenye nyumba akakumbuka ukuta wake mtupu. Mwaka 1977 Serikali ya Kanada ikaanza kuwapa wenye nyumba feza za kununua vitu vya kuzuia baridi. Kati ya vitu vilivyokubaliwa kulikuwa na povu moja, nalo likapendwa kuliko vingine katika nyumba za zamani, kwa sababu halikumlazimu mtu kubomoa kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mafundi walifika na gari lenye mapipa na pampu. Pipa moja lilikuwa na gundi iliyotengenezwa kwa urea, ile ile ya mbolea, pamoja na fomaldehidi. Jingine lilikuwa na dawa ya kufanyiza povu na kuligandisha. Vitu hivyo vilichanganywa na hewa, vikatoka katika mpira vyeupe na laini kama povu la sabuni ya kunyolea ndevu. Fundi alitoboa matundu madogo katika ukuta wa nje, akajaza povu, akaziba. Baada ya dakika chache povu lilisimama lenyewe, kisha likakauka polepole siku nyingi.

Fomaldehidi si kitu kigeni kwetu. Ikichanganywa na maji ndiyo formol ya hospitali, inayozuia maiti isioze. Aliyepata kuinusa anajua jinsi inavyochoma pua na macho. Vipimo vya dawa vikikosewa, hewa hiyo hubaki nyingi katika povu, halafu hutoka na kuingia vyumbani. Na vipimo hivyo havikuwekwa kiwandani: fundi alichanganya mwenyewe, mbele ya nyumba, baridi au joto, naye ana haraka ya kwenda nyumba inayofuata. Kwa maoni yangu, ubaya uliingia hapo zaidi kuliko katika dawa zenyewe.

Watu wakaanza kulalamika juu ya macho kuwasha, kikohozi, kichwa kuuma, pua kutoka damu. Wakati huo huo huko Marekani panya waliovutishwa fomaldehidi nyingi kwa muda mrefu walionekana kupata kansa ya pua. Mwezi wa Desemba 1980 Serikali ya Kanada ikakataza povu hilo. Nyumba zilizokwisha kujazwa zilihesabiwa kuwa 80,000 hivi.

Fikirini sasa hali ya mwenye nyumba. Serikali iliyompa feza za kutia povu ndiyo iliyotangaza kwamba ni la hatari. Mkopo hajamaliza kuulipa, na nyumba yake haina mnunuzi. Serikali iliahidi msaada mpaka dolari 5,000 kwa nyumba, lakini kuondoa povu maana yake ni kubomoa ukuta wote, kulikwangua kwa mkono na kujenga tena. Wengi walitumia zaidi ya hapo.

Katika jimbo la Québec wenye nyumba walikwenda tribinali kuwashitaki watengenezaji na wauzaji. Kesi ilianza mwaka 1983, ikaisha Desemba 1991, miaka minane ya mashahidi na wataalamu. Mwamuzi alisema hawakuhakikisha kwamba povu ndilo lililowaletea magonjwa yao. Tribinali ya rufaa ilikubali hukumu hiyo mwaka 1995. Huko Marekani Serikali ilikataza povu mwaka 1982, na mwaka 1983 waamuzi wakalifuta katazo lenyewe: walisema habari za panya peke yake hazitoshi, na nyumba zilizopimwa nyingi zilikuwa zile zilizolalamikiwa tayari.

Je, wagonjwa walidanganya? Hapana. Fomaldehidi inachoma kweli, na mwaka 2004 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia waliiandika kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, kwa kuwatazama hasa watu walioivuta nyingi kazini. Lakini hewa hiyo hutoka sana siku za kwanza, halafu hupungua. Povu la mwaka 1977 limekwisha kuitoa zamani. Kabati mpya ya mbao za gundi huweza kuitoa zaidi, wala hakuna anayeiuliza.

Hata hivyo jina baya halikufutwa pamoja na hukumu. Mpaka leo fomu inayotumiwa sana jimboni Ontario kwa kuuza nyumba inamtaka muuzaji atamke kwamba hakutia povu hilo, na kwamba kwa kadiri ajuavyo nyumba haina. Mnunuzi mwenye busara hatishwi na jina. Hutafuta matundu yaliyozibwa, yaliyopangwa sawasawa katika ukuta wa nje, kisha huuliza kama ukuta umepata kulowa. Maji huliharibu povu: hubomoka kama unga, na fomaldehidi huanza kutoka tena. Likiwa kavu, huachwa mahali pake. Kosa lake kubwa ni kwamba limesinyaa, limeachana na miti ya ukuta, na baridi inapita katika nyufa hizo.