Kutoka Kovu la Moto hadi Mfupa Uliopasuliwa: Mwanzo wa Upasuaji wa Kurekebisha Taya

Ni desturi kuianza historia ya upasuaji wa kurekebisha taya mwaka 1849, pale Simon Hullihen wa Wheeling, Virginia, alipochapisha taarifa ya binti aliyeungua shingoni utotoni. Kovu lilipokaza lilivuta taya la chini, nalo likarefuka mbele hata meno yakashindwa kukutana. Hullihen aliondoa kipande cha mfupa na kusogeza nyuma sehemu ya mbele ya taya. Kisha akashughulikia kovu la shingo, na mwishowe mdomo wa chini. Mfuatano huo ni muhimu kuliko tarehe yenyewe. Alikusudia kumrudishia mgonjwa usemi na uwezo wa kufumba mdomo; kuumana kwa meno kulikuwa sehemu tu ya kazi hiyo. Kumwita mwasisi wa fani ya kupanga mataya ni sahihi nusu.

Nusu ya pili ni ya miaka ya 1950. Hugo Obwegeser alipasua taya la chini kwa urefu wake akipitia ndani ya kinywa, vipande vikatelezeshwa huku vikiendelea kugusana kwa eneo pana. Mfupa uliunga vizuri, na uso haukuachiwa kovu. Gharama, hata hivyo, ilihamia kwenye mshipa wa fahamu upitao ndani ya mfupa huo: ukijeruhiwa, mdomo wa chini huingia ganzi, mdomo uleule ambao Hullihen aliumalizia kazi yake.