Swali la Asili: Jinsi Waswahili Walivyojihoji

Katika miji ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Komoro, hadhi ya ukoo ilipimwa kwa nasaba. Majina ya mababa yalihifadhiwa kizazi baada ya kizazi, na orodha nyingi za majina hayo ziliishia ng'ambo ya bahari: Shiraz huko Uajemi, au baadaye Hadhramaut na Omani. Kwa wenye orodha hizo, swali la "sisi ni nani?" lilikuwa limekwisha kujibiwa. Hata hivyo, katika miaka mia moja na hamsini iliyopita jibu hilo limehojiwa mara kadhaa, safari nyingine na wageni, safari nyingine na Waswahili wenyewe. Kila aliyelihoji alikuja na dhana zake, na dhana hizo nazo zikahojiwa na waliomfuata.

Vyombo saba kutoka Shiraz

Masimulizi ya Washirazi yanajulikana zaidi kupitia historia ya Kilwa, ambayo ipo katika matoleo matatu. La kwanza ni la Kiarabu, Kitab al-Sulwa, lililotungwa mwanzoni mwa karne ya 16. Nakala yake iliyohifadhiwa Uingereza ilitoka Unguja mwaka 1877 kwa mkono wa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko. La pili ni muhtasari wa Kireno uliotolewa na mwanahistoria João de Barros mwaka 1552. La tatu ni la Kiswahili, lililochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907.

Katika toleo la Kiarabu, sultani wa Shiraz na wanawe sita walisafiri kwa vyombo saba, kila kimoja kikatia nanga mahali pake. Miongoni mwa mahali hapo ni Mombasa, Pemba, Kilwa na Nzwani. Aliyefika Kilwa alikikuta kisiwa mikononi mwa mtawala asiye Mwislamu, akakinunua kwa nguo za rangi zenye urefu wa kukizunguka kisiwa chote. Kisha mtawala huyo akahamia bara. Hadithi hii ndiyo iliyoshika mizizi: Mwajemi alifika, akanunua ardhi, akajenga mji.

Lakini matoleo hayo yanapowekwa pamoja, yanaonekana kubeba mambo ambayo hadithi fupi iliyaacha nje. Toleo la Kiarabu lenyewe linasema kwamba wageni walikuta msikiti na Mwislamu kisiwani. De Barros anaeleza kwamba mwanzilishi wa Kilwa alizaliwa na mtumwa wa Kihabeshi, na kwamba ndugu zake, wana wa mama wa Kiajemi, walimdharau hata akaamua kuhama. Toleo la Kiswahili linakwenda mbali zaidi. Linamtaja mzee wa kisiwa, Mrimba, aliyekuwa Mmachinga, na linasema sultani Mshirazi alimwoa binti yake. Mtoto wa ndoa hiyo alipokua alivuka kwenda bara kumtembelea babu yake, na Mrimba akamkabidhi utawala. Kwa masimulizi haya, haki ya kutawala Kilwa ilimfikia mjukuu kwa upande wa mama.

Nasaba ya ukoo, kama ilivyoandikwa, haikuwa na nafasi ya kulionyesha jambo hilo. Ilihesabu baba, baba wa baba, na kuendelea. Mwanamke wa Kimachinga hakutajwa, ingawa bila yeye mlango wa mji usingefunguka. Kanuni ya kuhesabu upande mmoja ilizaa jibu la upande mmoja.

Majina ya watu na majina ya hadhi

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani mwenye sifa ya ukarimu na mji mzuri, na akaandika kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Neno "Sawahil", yaani mwambao, alilitumia kwa sehemu ya nchi. Halikuwa jina la watu. Kwa muda mrefu watu wa pwani walijitambulisha kwa miji yao: huyu Mwamu, huyu Mpate, huyu Mmvita, huyu Mpemba. Ndani ya mji, mgawanyiko mkubwa ulikuwa kati ya waungwana, yaani wenyeji walio huru na wenye ukoo, na wasiokuwa waungwana.

Karne ya 19 ilibadilisha mizani. Seyyid Said wa Omani alihamishia makao yake Unguja, na nguvu za fedha na siasa zikawa mikononi mwa Waarabu. Sambamba na neno la kale "uungwana" likasimama neno "ustaarabu", ambalo kwa asili yake lina maana ya kuwa kama Mwarabu. Maneno hayo mawili yalieleza tabia njema, elimu na maisha ya mjini, lakini kila moja liliweka chanzo cha sifa hizo mahali pake. Uungwana ulikuwa wa mwenyeji. Ustaarabu ulitoka ng'ambo. Koo zilizokuwa zikijivunia Ushirazi zikaanza pia kutafuta nasaba za Kiarabu. Leo neno "ustaarabu" linatumika kwa watu wote duniani, na wasemaji wengi hawaikumbuki maana iliyolizaa.

Ukoloni ulizigeuza tofauti hizi kuwa sheria. Nchini Kenya watu waligawanywa kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uliamua kodi na mahakama. Waswahili wa Mombasa, wa makundi ya Tisa Taifa na Thelatha Taifa, walijikuta wakilazimika kuthibitisha asili yao ya ng'ambo ili wapate haki walizopewa Waarabu. Unguja nako, jina "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha kwa jina hilo iliporomoka. Watu walewale walikuwa wamechagua majina mengine.

Jina "Mshirazi" lenyewe liligeuka maana visiwani. Katika siasa za miaka ya 1940 na 1950, Mshirazi alikuwa mwenyeji wa Unguja na Pemba, tofauti na Mwarabu mwenye shamba na tofauti na mtu aliyetoka bara. Jina lililodai asili ya Uajemi likawa kithibitisho cha uenyeji. Mwaka 1957 muungano wa jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi ulizaa chama kilichokuja kujulikana kama Afro-Shirazi Party. Ndicho kilichoshika serikali baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1977 kikaungana na TANU, chama cha Tanzania Bara, kuunda Chama cha Mapinduzi.

Wataalamu na dhana zao

Wanahistoria wa kikoloni waliyapokea masimulizi ya Washirazi bila shida kwa sababu yalilingana na walichokiamini tayari: kwamba miji ya mawe, misikiti na biashara ya baharini visingeweza kuanzishwa na Waafrika. Kitabu cha Reginald Coupland cha mwaka 1938 kiliitazama historia ya Afrika Mashariki kama historia ya wavamizi wake, na hilo limo hata katika jina lake. Hivyo mzee wa mji aliyejivunia nasaba na mtawala Mwingereza aliyemdharau Mwafrika walikubaliana juu ya jambo moja, kila mmoja kwa sababu zake.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. James Kirkman alianza kazi Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick alichimba Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Chittick aliitilia shaka tarehe ya jadi ya kufika kwa Washirazi, yaani katikati ya karne ya 10, akaisogeza hadi karibu mwaka 1200. Pia alipendekeza kwamba walitoka pwani ya Banadir, si moja kwa moja Uajemi. Hata hivyo aliendelea kuiona miji hiyo kama kazi ya wageni. Tarehe yake nayo haikudumu. Hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilikuwa na sarafu za Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa sultani wa kwanza wa Kishirazi wa Kilwa, pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11, na Mark Horton akamrudisha mtawala huyo kwenye karne hiyo.

Mageuzi makubwa zaidi yalitoka Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Horton alichimba miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, hadi kwenye jengo dogo la miti la karne ya 8. Vyungu vilivyokutwa katika tabaka zote, za juu na za chini, vilikuwa vya aina moja ya kienyeji, inayopatikana pia bara, na vigae vilivyotoka nje vilikuwa sehemu ndogo tu. Mji ulikuwa umekua kutoka kijiji, na nyumba za matumbawe zilifuata nyumba za udongo bila dalili ya watu kubadilika. Nchini Tanzania, Felix Chami alionyesha kwamba ufinyanzi wa mwambao ulitokana na ule wa wakulima wa mwanzo waliofua chuma katika eneo hilohilo.

Wanaisimu walifika hapohapo kwa njia nyingine. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kikomoro, Kipokomo na lugha za Wamijikenda. Maneno mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye, wakati lugha ilikuwa imekwisha kusimama, na maneno ya Kiajemi ni machache. Mwaka 1994 Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, wasomi waliotoka pwani yenyewe, walieleza kwamba Waswahili ni watu wa Afrika, na kwamba mashaka kuhusu kuwepo kwao kama jamii yalikuzwa sana na ukoloni.

Kufikia mwisho wa karne ya 20, basi, wataalamu wengi waliyachukulia masimulizi ya Washirazi kuwa visasili. Yalieleza namna watu wa pwani walivyotaka kujiona, si jambo lililotokea. Mizani ilikuwa imeelemea upande wa pili.

Ushahidi wa vinasaba

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa kuanzia karne ya 13, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa watafiti walikuwa Esther Brielle, David Reich na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi.

Matokeo yaliwashangaza watu wa pande zote mbili. Katika watu wengi waliochunguzwa, sehemu kubwa ya urithi, mara nyingi zaidi ya nusu, ilikuwa ya Kiafrika, na ilipitia hasa kwa wanawake. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Asia. Katika karne za mwanzo ilitoka hasa Uajemi, kwa wanaume, ikiwa na kiasi kidogo cha Uhindi. Uzazi wa Kiarabu ulizidi kuonekana baada ya mwaka 1500 hivi. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000, si mbali na wakati uliotajwa na historia ya Kilwa.

Masimulizi ya wazee hayakuwa ya kubuni tu, kwa hiyo, na wataalamu waliokuwa wameyatupilia mbali walilazimika kurudi nyuma. Lakini madai kwamba Waajemi ndio walioanzisha ustaarabu wa mwambao hayakupata nguvu yoyote. Msikiti wa miti wa Shanga ulijengwa karne mbili kabla ya mchanganyiko huo, vyungu viliendelea kuwa vya kienyeji, na lugha ilibaki ya Kibantu. Wanaume waliotoka ng'ambo waliingia katika koo zilizokuwepo, na watoto wao walisema lugha ya mama zao. Ndivyo hasa toleo la Kiswahili la historia ya Kilwa lilivyosimulia kuhusu binti wa Mrimba.

Dhana iliyozifunga pande zote kwa muda mrefu ilikuwa kwamba asili ni moja, na kwamba mwenye asili ndiye mwenye ustaarabu. Mwenye nasaba alimtafuta baba na kumsahau mama. Mkoloni alimtafuta mgeni na kumsahau mwenyeji. Msomi wa kizazi kilichofuata alimtafuta mwenyeji akamfuta mgeni. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kweli mkononi, na kila mmoja aliuacha nje ushahidi ambao swali lake halikuuliza.

Utafiti wa 2023 nao una mipaka yake. Mifupa mingi ilitoka kwenye makaburi ya karibu na misikiti na majengo ya mawe, mahali pa kuzikia watu wenye uwezo. Wakazi wa nyumba za udongo na makuti, waliokuwa wengi zaidi katika kila mji, pamoja na wavuvi, wakulima na watumwa, bado hawamo katika hesabu hiyo, na kwao nasaba hazikuandikwa.