Isale: hati ya shamba ya wazee wetu, na hili jipya lenye mstari wa njano

Ndugu mkulima, siku hizi swali linalonijia mara kwa mara si la mahindi wala la tangawizi. Watu wanauliza kuhusu yale masale yenye mstari wa njano katikati ya jani, yanayouzwa kwenye vitalu vya maua vya Moshi na Arusha. Wengine wanataka kuyapanda mlangoni, wengine wanataka kufanya biashara ya miche. Wapo pia wanaotaka kung'oa masale ya kijani yaliyoachwa na babu ili waweke haya ya kupendeza. Hao wa mwisho ndio walionifanya nikae chini niandike, kwa sababu kabla hujang'oa ni vizuri ujue unang'oa nini.

Nianze na mmea wenyewe. Kitaalamu isale letu la kawaida ni Dracaena fragrans. Ni mmea wa Afrika ya tropiki na haukuletwa na mtu yeyote. Lile la mstari wa njano si mmea wa kigeni pia, bali ni aina iliyochaguliwa kutoka katika huohuo, na wauza maua wa dunia wanaiita Massangeana. Ulaya na Marekani inawekwa ndani ya nyumba na maofisini, na nchi kama Costa Rica inalima mashamba mazima ya Dracaena kwa ajili ya kusafirisha mashina nje. Kwa hiyo mmea ambao sisi tunaufyeka njiani kuna watu wanaununua kwa fedha za kigeni.

(Wenye simu wameniletea pia picha za kichaka cha Ulaya chenye majani ya miiba na kingo za njano, kinachoitwa holi. Hicho ni kitu kingine, kinapenda baridi. Ndugu yake yupo kwetu, Ilex mitis, mti wa misitu ya milimani na kando ya vijito, lakini hauna rangi hizo. Tusihangaike nacho.)

Sasa historia. Upare wa zamani haukuwa na ramani wala bikoni. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ndani ya ukoo kila kaya ilikuwa na sehemu yake: migomba karibu na nyumba, mashamba mengine mtelemkoni, na mengine huko chini nyikani. Kwenye mtelemko kama wa Vudee au Mbaga hatua tatu za ardhi zina thamani, hasa kama mfereji wa maji unapita hapo. Alama ya mpaka ilipaswa iwe kitu ambacho kila mtu anakitambua na ambacho hakiwezi kusogezwa kimyakimya.

Jiwe linasogezwa usiku mmoja. Mti mkubwa unakatwa mbao, au unaanguka. Isale lina tabia nyingine. Ukilikata linachipua tena pale pale. Ng'ombe na mbuzi hawalipendi. Halifai kuni, kwa hiyo hakuna mama atakayelikata kwa bahati mbaya akitafuta za kupikia. Linavumilia kivuli cha migomba na kahawa, na halinyang'anyi mazao sana. Ukipita mwaka wa kiangazi kibaya, kila kitu kimenyauka, lenyewe bado ni kijani. Kwa maneno mengine, isale likitoweka mpakani, mtu amelitoa kwa makusudi. Hapo ndipo ilipo nguvu yake kama ushahidi.

Kazi zake hazikuishia mpakani. Lilipandwa kwenye makaburi na kwenye sehemu za heshima, zile mpungi, misitu midogo ya koo ambako wazee walitambikia. Jirani zetu Wachaga wanalijua zaidi kwa suluhu: mtu akikosa, anapeleka jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Mtaalamu wa Kimarekani Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Upare wa Kaskazini, mwaka 2008 alichapisha makala inayoonyesha kuwa mimea ya jamii hii imefanya kazi kama hizi za mipaka na amani katika sehemu nyingi za Afrika. Wazee wetu hawakuwa peke yao.

Kisha mambo yakabadilika, na si mara moja. Wamisionari wa Kiadventista walifika Giti mwaka 1903, na Walutheri nao wakawa na vituo vyao milimani. Matambiko yakapungua, na mpungi nyingi zikabaki jina tu. Lakini isale la mpakani lilibaki, na nadhani sababu ni rahisi: Mkristo na asiye Mkristo wote walihitaji kujua shamba lao linaishia wapi.

Serikali nazo zilikuwa na lugha zao. Wajerumani mwaka 1895 walitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola. Waingereza wakaleta sheria ya ardhi ya mwaka 1923, na mwaka 1928 wakairekebisha ili itambue haki ya mtu anayemiliki kwa mila. Baada ya uhuru ikaja operesheni ya vijiji miaka ya 1970. Sehemu nyingi za nyika watu walihamishwa na kupangwa upya, lakini milimani, kwenye vihamba vilivyobanana, masale mengi yalibaki pale pale. Mpaka leo, kwenye kesi za ardhi za mkoa wetu wa Kilimanjaro, utasikia shahidi anaulizwa: masale yalikuwepo? Nani aliyapanda? Nani aliyang'oa?

Sheria inayotuhusu sasa ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Chini yake unaweza kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kuwa na hati hiyo. Wakati wa kuhakiki mipaka, majirani wanapita shambani pamoja, kila mmoja anaonyesha pake, ndipo vipimo vinachukuliwa. Mahali penye mstari wa masale kazi hiyo inakwenda haraka. Mahali yalipong'olewa, watu wanaanza kutafuta mzee anayekumbuka, na pengine alishafariki. Anayeumia zaidi hapo ni mjane au kijana aliyekuwa mjini, kwa sababu hana wa kumsemea. Mashina manne ya isale yangemsemea.

Kwa hiyo, ushauri wangu kwa wewe unayetaka kubadilisha: usiling'oe isale la zamani mpakani, hata kama shamba ni lako kabisa. Kama kuna sababu ya lazima, labda njia inapanuliwa, waite majirani wa pande zote na mjumbe wa serikali ya kijiji, muandikiane na kusaini, na jipya lipandwe siku hiyo hiyo mbele yao.

Lile la njano liweke mlangoni au kitaluni. Mpakani silipendekezi, na sababu si uzuri. Sehemu ya njano ya jani haina umbijani wa kutosha, hivyo mmea hutengeneza chakula kidogo na hukua polepole kuliko la kijani. Pia lina thamani sokoni, na kitu chenye bei mpakani huwa hakikai.

Kulizalisha si kazi. Kata shina lililokomaa vipande vya urefu wa kiganja au zaidi, uache kidonda kikauke kivulini siku moja, kisha chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, upande uliokuwa chini ubaki chini. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usituame maji. Kinachoua miche hii mara nyingi ni kumwagilia kupita kiasi, mizizi inaoza. Usitegemee mbegu, kwani rangi haifuati. Likitoa chipukizi la kijani tupu, likate mapema, kwa sababu la kijani lina nguvu zaidi na litalimeza lile la njano.

Mwanga uwe wa kutosha, lakini jua kali la mchana la Same mjini litaunguza majani. Liweke chini ya mwembe au barazani. Ukiona ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia wakati maji yapo, chunguza maji yenyewe. Mmea huu haupendi floridi, na baadhi ya visima vya ukanda wa Meru na Arusha vina floridi nyingi. Tumia maji ya mvua. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na kama una mbwa au paka, usimwache atafune majani, yatamdhuru.

Wafanyabiashara, chukueni vipandikizi kwenye mti mama mlionunua au mlioupanda wenyewe. Akija mtu na mzigo wa masale ya kijani yenye mizizi mikubwa na udongo bado mbichi, muulize ameyatoa wapi kabla hujamlipa.